Mazabodi Nyeupe

"Mazabodi gani hiyo inachaguliwa mwezi mzima?"

Mama aliuliza huku akikunja mashuka, na macho yake yalibaki kwenye mashuka. Kipusa alikuwa kapiga magoti akitafuta kiatu cha pili chini ya kitanda, akajifanya hasikii.

"Nasema na wewe. Mimi vyombo vya nyumba hii yote nilivinunua kwa siku mbili. Wewe kipande kimoja cha kompyuta unakifuata kila mara kama mtu mwenye sindano za kliniki."

"Mama, mazabodi si sufuria. Ukiikosea hiyo, umekosea na vingine vyote."

"Hata mume ni hivyohivyo," Mama akasema. Akaweka shuka la mwisho juu ya mengine, akalipiga kofi likatulia. "Ndiyo maana leo tunakwenda wote."

Kiatu kikapatikana. Moyo ndio ukapotea.

Kipusa ni jina la utani alilopewa na shangazi yake angali mchanga, na ukubwani halikumtoka. Kazi yake ilikuwa kuchora ramani za nyumba za watu, palepale sebuleni kwao, kwenye meza inayotazama dirisha. Kompyuta yake ya zamani ilikuwa hoi. Alikuwa akifungua mchoro, anakwenda kuosha vyombo, anavikausha, anarudi anakuta mchoro bado unajikongoja. Ndipo akaamua kuunda kompyuta mpya, kipande kwa kipande. Boksi alikuwa nalo. Prosesa, yaani ile akili yenyewe inayofikiri, alikuwa nayo, imelala kwenye kijisanduku chake kama kidani. Ilibaki mazabodi, ule ubao ambao vipande vingine vyote hukaa juu yake.

Na katika kutafuta mazabodi ndiko alikokutana na fundi wa kompyuta.

Mtaa mzima ulimwita Taratibu, kwa sababu hilo ndilo neno alilomwambia kila aliyeshika kitu dukani kwake. Alikuwa kijana mrefu, mwenye vidole vyembamba na sauti ya chini, sauti ambayo ikikusalimia asubuhi unashinda nayo hadi jioni. Siku ya kwanza alimwuliza Kipusa anafanya kazi gani, na alipojibiwa akasema, "Basi wewe utanielewa upesi. Mazabodi ni msingi. Ukishaumwaga, umeshaamua nyumba itabeba ghorofa ngapi." Kipusa alicheka mpaka akajifunika mdomo, maana hakuna mwanamume aliyewahi kumtongoza kwa zege.

Alipokwenda tena, ubao uliokuwepo ulikuwa na nafasi chache za RAM, ile kumbukumbu ya kompyuta. Mara nyingine ubao ukawa mpana kuliko boksi. Halafu ikaja siku ambayo hakikukosekana kitu, lakini Taratibu akasema ni vizuri kusubiri mzigo mpya, na Kipusa akasema naam, ni vizuri, na wote wawili wakatazama sakafu. Tangu siku hiyo mazabodi ilikuwa kisingizio, na kila mmoja alijua kwamba mwenzake anajua.

Ila nyumbani mambo yalikuwa yanaiva upande mwingine. Mama alikuwa na shoga yake wa tangu utotoni, na shoga huyo alikuwa na mtoto wa kiume, mhasibu, kijana mpole, asiye na kelele wala madoa kwenye shati. Jumapili ya wiki hiyo wangekuja, mama na mwana, kumwulizia Kipusa rasmi. Kipusa alimweleza Taratibu habari hizo huku machozi yakimlengalenga. Taratibu akampa kitambaa anachofutia mbao zake, hana kingine, akasema, "Mlete mama yako hapa. Nitamwambia mwenyewe, uso kwa uso. Nitasema, mama, huyu mimi namtaka, yule mhasibu hamfai."

Maneno hayo Kipusa alilala nayo na kuamka nayo. Alikuwa anawaza atamfikishaje mama yake dukani, na sasa mama kajipeleka mwenyewe.

Duka lilikuwa jembamba, na ndani kulinukia vumbi na risasi ya kulehemu. Nyaya zilining'inia ukutani kama mikanda. Taratibu alikuwa ameinama chini ya taa. Alipoinua uso na kuona ni nani waliosimama mlangoni, alisimama ghafla, kigoda chake kikaanguka chali nyuma yake.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba, baba. Taratibu utaumia."

Kipusa akauma midomo. Mama alikuwa hajui jina la mtu, lilimtoka tu.

Kiti kilitafutwa, kikafutwa, mama akaketi, mkoba mapajani. Macho yake yalizunguka duka lote kisha yakarudi kwa fundi, na hapo yakaweka kambi.

"Haya. Nionyesheni hicho kilichomfanya binti yangu asikae nyumbani."

Taratibu akashusha maboksi matatu kutoka rafuni. Kabla hajagusa ubao wowote alishika kwanza chuma cha boksi tupu la kompyuta lililokuwa mezani. Kipusa naye akanyoosha mkono, akashika pembeni yake. Vidole vyao vilikaa jirani juu ya chuma kile, havigusani, lakini joto la kimoja kingine kililipata.

"Mnaapa?" Mama akauliza.

"Hapana, mama," Taratibu akacheka kwa woga. "Mwili wa mtu una umeme kidogo. Usipouacha kwenye chuma kwanza, unaweza kuuchoma ubao kwa kuugusa tu."

"Kumbe. Na mikono inakaa pale muda wote huo?"

Mikono ikatoka upesi kwenye chuma.

Taratibu akaanza kueleza. Huu una nafasi nne za RAM, huu mbili. Huu unapokea kadi kubwa ya picha, itamsaidia bibie akichora nyumba ili mteja aizunguke kwenye kioo kama yumo ndani. Alisema "bibie" huku akikwepa kumtazama Kipusa, na kule kukwepa kulisema zaidi ya kutazama. Mama alikuwa akitikisa kichwa polepole. Hakuna ubao hata mmoja aliouangalia. Alikuwa akiwaangalia wao wawili, mmoja mmoja, kama mtu anayelinganisha nyuzi mbili za rangi moja.

"Na ile?" akasema ghafla.

"Ipi, mama?"

"Ile nyeupe, juu pale. Hiyo ndiyo kitu. Safi kama sahani za wageni. Hizi nyingine zimekaa kama zimeungua."

Mazabodi nyeupe ikashushwa. Kweli ilikuwa nzuri, imepambwa kwa chuma cheupe pande mbili, ukiitazama unatamani kuitundika ukutani. Lakini Kipusa alipotupa jicho moja tu katikati yake, pale penye kikao cha prosesa, akajua. Prosesa yake ilikuwa na sindano ndogondogo tumboni, nyembamba kuliko nywele za kope, na zilitaka kikao chenye matundu ya kuzipokea. Kikao cha hii nyeupe hakikuwa na tundu hata moja. Ilikuwa imetengenezwa kwa prosesa za aina nyingine kabisa. Nani alimfundisha hayo? Taratibu mwenyewe. Ndilo somo la kwanza alilompa: usitazame urembo, tazama kikao, maana ukilazimisha prosesa mahali pasipo pake, sindano zinapinda na huna dawa.

Basi Kipusa akatabasamu, akasubiri fundi amweleze mama kwa ile sauti yake ya chini.

"Hii inamfaa binti yangu?" Mama akauliza.

Taratibu aliitazama bodi. Akamtazama mama.

"Inamfaa, mama. Tena una jicho! Wateja wengi hupita hapa hawaioni."

Mama akachangamka kidogo. "Sikusoma sana, lakini kitu kizuri nakijua."

Kipusa alidhani ni mzaha. Alimtazama Taratibu akingoja akonyeze, lakini Taratibu alikuwa amekwisha kuanza kukunja karatasi ya kufungia. Ikamchoma kidogo, kisha akajisemea moyoni, basi, ni heshima tu, hataki kumwaibisha mama wa watu. Akalisamehe. Na wewe dada unayesoma hapa usimcheke. Ukipenda, la kwanza unalisamehe kabla hujalielewa.

Mama akauweka mkoba wake sawa mapajani.

"Fundi, mwanangu, nikuulize. Wewe una dada?"

"Ninaye, mama. Mdogo wangu."

"Sasa chukulia huyo mdogo wako anaposwa. Kijana ni mhasibu, ana kazi yake, hanywi, hapigi kelele, mama yake ni mtu tunayejuana. Jumapili wanakuja. Wewe kaka yake ungemshauri nini?"

Feni iliendelea kuzunguka. Sasa, Kipusa alisema moyoni. Sasa ndipo mahali pake. Mama mwenyewe kafungua mlango, kaushika usijifunge. Pita, mpenzi wangu, pita.

Taratibu alishika kitambaa chake, akafuta mahali palipokuwa pasafi.

"Mtu mwenyewe kama ndiye huyo unayemsema, mama," akasema taratibu, "ningemshauri akubali."

"Akubali?"

"Ndiyo, mama. Wazazi huona mbali."

Mama alishika mkoba wake. Kisha akainuka, akasema joto la humu limemzidi, na kuna simu anataka kupiga, akatoka nje.

Kipusa hakupaza sauti. Angepaza, labda ingekuwa nafuu kwa wote.

"Umesema nini pale?"

"Kipusa, ulitaka nimjibu nini? Ni mama yako!"

"Ungemjibu ulichonijibu mimi."

"Ni siku ya kwanza ananiona. Nilitaka kwanza anipende. Akishanipenda, hayo mengine yataingia yenyewe." Aliinama karibu, macho yake yale yale yaliyomkosesha Kipusa usingizi yakimbembeleza. "Hukuona alivyofurahi na ile bodi?"

"Ile bodi hainifai."

"Najua haikufai! Nitaibadilisha. Ukiniletea nikufungie, nitaweka nyingine. Mama hatajua."

"Mimi nitajua."

"Lakini ni bodi tu, Kipusa."

"Na mhasibu naye? Jumapili nitakapokaa mbele yao, utakuja unibadilishe mama asijue?"

Nje, kivuli cha mama kilionekana kwenye kioo cha mlango, kimesimama.

"Yule pale," Kipusa akasema. "Hata hajafika mbali. Mwite. Neno moja tu, mwambie umekosea kusema. Mimi nitasimama hapahapa kando yako. Hata akikufukuza, nitakuwa nimesikia."

Kipusa alitaka sana. Mungu anajua alitaka sana. Kama Taratibu angempa hata hatua moja kuelekea ule mlango, Kipusa angemfuata bila kujali. Taratibu aliutazama mlango. Akautazama mkono wake, akaufuta kwenye suruali.

"Leo tusiwe na haraka, Kipusa wangu. Ameshachoka na jua. Wiki ijayo nitakuja nyumbani kabisa, nimevaa vizuri."

"Jumapili iko kabla ya wiki ijayo."

"Basi nitakupigia simu."

Kipusa aliutazama uso wake wote, kipande kwa kipande, kama anayejifunza mahali kwa sababu anahama. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililouma. Mtu mbaya, mabinti, mnamtambua na kumkimbia. Wa kuogopwa ni huyu mwema mwenye ndiyo kwa kila anayemsimamia mbele, kwa sababu siku moja utamhitaji akusemee hapana, na hapana hiyo hatakuwa nayo. Hakuwahi kuifuga.

Kipusa akaweka kiganja kwenye chuma, akakiacha kidogo. Kisha akavuta boksi la chini kabisa kati ya yale matatu, akafunua. Ubao mweusi, wa kawaida, nafasi nne za RAM, kikao chenye matundu yake yote.

"Nipe huu."

"Huo? Si mama alisema umekaa kama umeungua?"

"Kikao chake kinakaa prosesa yangu. Nifungie."

Mama aliporudi, mazabodi nyeupe ilikuwa imesharudi juu.

"Mmebadilisha?"

"Nyeupe hainifai, mama. Prosesa yangu haiwezi kukaa pale."

"Lakini fundi si alisema inakufaa?"

Kipusa alimtazama fundi, swali halikuwa lake. Taratibu akakuna shingo.

"Sikutaka kukuvunja moyo, mama."

"Baba, moyo huu umevunjwa na wakubwa kuliko wewe," Mama akasema, bila ukali wowote. "Ungesema tu."

Walilipa, wakaaga. Mlangoni Taratibu akauliza kwa sauti ya chini, "Nije kukufungia?"

"Nitafunga mwenyewe. Ulinifundisha vizuri."

Na hilo lilikuwa kweli, ndiyo maana alilisema akiwa amegeuka.

Walitembea kwenye kivuli cha maduka, Kipusa amekumbatia boksi lake kifuani. Walipopita kona, Mama akasema, "Ni yeye, siyo?"

Kipusa aliongeza mwendo.

"Macho ninayo. Fundi gani anaangusha kigoda kwa ajili ya mteja?"

"Kama ulijua," Kipusa akasimama, "kwa nini ulimwuliza habari za mhasibu? Kwa nini ulimfanyia vile?"

"Kwa sababu nilijua." Mama naye akasimama. Uso wake ulikuwa umesawajika, si wa ushindi hata kidogo. "Nilitaka aseme hapana. Nilishajiandaa kukasirika, mwanangu, na maneno nimeyapanga: wewe kijana huna adabu, wewe nani kakuuliza. Ningemgombeza pale pale, ningeondoka nimenuna, halafu keshokutwa ningekwambia mwite huyo asiye na adabu aje nimwone vizuri."

"Mama..."

"Akaniambia wazazi huona mbali. Mimi nikaona ngoja, labda ananiogopa sura. Nikatoka nje nimwachie nafasi. Simu sikupiga kwa mtu. Nilisimama juani. Kila mlango ulipotikisika nikasema, huyo anakuja."

Mtu mwenye mkokoteni wa maji aliomba njia, wakasogea ukutani, akapita.

"Kwa hiyo Jumapili..." Mama akaanza.

"Mhasibu simtaki, mama."

"Kwa ajili ya huyu?"

"Huyu ameisha. Wala hakuna mwingine. Simtaki tu."

Mama akafungua mdomo. Kipusa aliyajua yaliyokuwa yanakuja, umri, na shati lisilo na madoa, na shoga wa tangu utotoni. Alisimama akayasubiri na hakuinamisha macho. Mama akamtazama, kisha akaufunga mdomo, akafungua mkoba na kutoa simu.

"Shoga yangu, hujambo. Sikiliza, Jumapili msije... Hapana, hatuumwi, wazima kabisa... Hapana, si kwamba kuna mtu. Binti hataki... Hapana, sitamlazimisha, wala wewe usinge... Najua. Najua, mpenzi, najua tulivyopanga. Lakini hapana."

Alikaa na simu sikioni baada ya upande wa pili kukata. Kisha akairudisha mkobani, na zipu ikamshinda mara ya kwanza.

"Amekasirika?" Kipusa akauliza.

"Sana."

"Atarudi?"

"Akirudi amerudi." Mama akashusha pumzi. "Twende nyumbani."

Hapo ndipo machozi yalipomjia Kipusa. Alikuwa ameyazuia dukani, ameyazuia mlangoni, na sasa katikati ya njia, watu wakipita na vikapu vyao, mabega yakaanza kumtikisika na boksi likitikisika nayo.

Mama akanyoosha mikono yote miwili.

"Lete hicho kiboksi, kisije kikalowa," akasema. "Wewe lia."